Shukrani kwa mzee aliyenionyesha Barabara ya 66

Napenda kumshukuru hadharani mzee ambaye sikupata kumuuliza jina, aliyenikuta Catoosa, jimboni Oklahoma, nikigeuzageuza ramani isiyoonyesha ile Barabara ya 66, iliyoanzishwa mwaka 1926 na kufutwa rasmi katika orodha ya barabara kuu za Marekani mwaka 1985. Hakuishia kunielekeza kwa kidole. Alitangulia na gari lake hadi kwa yule nyangumi wa buluu ambaye Hugh Davis alimjenga kwa saruji mwanzoni mwa miaka ya 1970 kumtunuku mkewe, Zelta, mpenzi wa kukusanya vinyago vya nyangumi, katika kumbukumbu ya ndoa yao (zawadi ya takriban mita 24, isiyofungika kwa karatasi yoyote). Kisha akanichorea njia ya Amarillo, Texas, penye gari 10 aina ya Cadillac zilizofukiwa pua chini mwaka 1974 na kuhamishwa mwaka 1997 mji ulipopanuka. Bila mchoro wake ningezipita zote kwa barabara mpya. Karatasi ile bado ninayo. Ahsante sana, mzee wangu.