Dada, wanao wawili watamaliza shule mwaka mmoja

Dada yangu,

Nimeona heri nikuandikie hadharani, maana ulichoniuliza siku ile Tandahimba tukimenya mihogo uani, nimeshaulizwa tena na wazazi watatu hapa Mtwara mjini. Ulisema mdogo amerukishwa darasa na shule imekuficha. Ulikuwa na uchungu, nami nilikujibu mbiombio kwa kuwa gari lilikuwa linaondoka. Mimi ni mjomba wao na ni mwalimu; kwa desturi yetu nilipaswa kukaa chini nikueleze mpaka uridhike.

Hajarukishwa. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, yeye akiwa anaingia darasa la tatu. Walioingia la tatu mwaka ule wanasoma shule ya msingi miaka sita badala ya saba. Kaka yake alikuwa anaingia la nne, akabaki kwenye utaratibu wa zamani, hivyo yeye anakwenda hadi la saba. Hesabu kwa vidole: mwaka 2027 mkubwa yuko la saba, mdogo yuko la sita. Wanamaliza pamoja, na Januari 2028 wanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza pamoja.

Hapa naomba utulie kidogo. Ada haipo, lakini kuna sare mbili, viatu jozi mbili, madaftari, na magodoro mawili wakipangiwa bweni. Fedha yetu unajua inatoka wapi. Minada ya korosho inaanza Oktoba, kwa hiyo ni msimu wa 2027 utakaowavisha wote wawili. Nakuomba mwaka huo korosho zako zote zifike ghalani kupitia chama cha msingi cha ushirika. Mzazi aliyeshtuliwa na mahitaji ndiye anayemwendea mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, mwezi wa nane, akauza korosho zingali maua mtini kwa bei ya kumliza. Hilo limetukuta nyumbani kwetu, unalikumbuka.

Uliniuliza pia habari ya amali. Neno hili tumezoea kulisikia msikitini, amali njema, ndiyo maana linatuchanganya. Shuleni maana yake ni ujuzi wa kazi: ufundi, kilimo, ushonaji na mengine. Sekondari sasa ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Jirani yako alikwambia amali ni ya waliofeli. Si kweli. Mtoto wa amali naye anasoma Hisabati na Kiingereza, naye ana mtihani wa kidato cha nne. Babu yetu alichonga mpingo maisha yake yote na hakuna shule iliyowahi kumwita msomi. Mimi nafurahi sana kuona kazi ya mikono inapewa dawati na mwalimu.

Kitinda mimba naye usishangae akileta daftari la Kiingereza toka darasa la kwanza. Zamani lilianza la tatu. Na siku ile alipotumwa udongo wa mfinyanzi ukamkatalia ukidhani ni mchezo, lile lilikuwa somo. Wana kipindi cha utamaduni, sanaa na michezo.

Lakini lawama si zako. Vikao vya wazazi nilivyokaa, kama mzazi na kama mwalimu, tunazungumza madawati, uji na michango, kisha tunafunga kwa dua. Muhtasari wa masomo unabaki kabatini. Kikao kijacho nyoosha mkono uulize: mwanangu muhula huu anajifunza nini, na mimi nyumbani nifanye nini? Usiogope kwamba hukumaliza shule. Swali hilo halihitaji cheti, na mwalimu mkuu akiulizwa na kina mama watano atalijibu.

Jambo moja zaidi, la haraka. Upimaji wa darasa la nne huangukia wakati wa kuokota korosho. Mtoto wa la nne asubuhi aende shule, mikorosho imsubiri jioni.

Nakuja likizo ya Juni. Najua ni wakati wa jando na unyago, basi nichagulie siku isiyo na ngoma. Waite majirani, tandika mkeka chini ya mwembe, na watoto waje na madaftari yao yote, hata yaliyochanika. Tutayafungua moja moja.

Ndugu yako.