Barua kwa mdogo wangu aliyeondoka na boti ya alfajiri

Salaam aleikum, mdogo wangu.

Mama anasema ukimpigia simu huulizi habari zangu, unauliza za paka. Sawa. Paka mzima. Amezaa tena, safari hii ndani ya kabati la vyombo, na hakuna anayethubutu kutoa sahani. Ujumbe wangu unausoma ukauacha, zile alama za buluu naziona, kwa hiyo nakuandikia hapa wasome na wasiohusika.

Sikuandika kugombana. Nimesikia likizo hii wenzako wa udaktari wa wanyama wametawanyika kujitolea, huyu kwenye wanyamapori, yule kwenye kliniki ya mbwa na paka hapo Nairobi, na wewe umejiandikisha kwenda Makueni kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Vizuri. Wewe mwenyewe umechanjwa? Usiniambie utachanjwa ukifika. Mtu wa kazi hiyo hudungwa kabla hajamshika mbwa wa watu, na hayo nimeyajua kwako. Si wewe uliyewaambia watoto wa chuoni kwa Maalim kwamba aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ndipo akimbizwe hospitali, asipakwe pilipili wala mafuta ya taa? Mtoto wa jirani mpaka leo akikwaruzwa na paka husimama kwenye bomba letu akihesabu dakika. Tangi linaisha kwa ajili yako.

Ila Makueni, mdogo wangu? Na hapa Amu, Lamu yetu, punda wamejaa? Kile kituo cha punda kipo tangu 1987, kinatibu bure, na wewe ulikuwa ukitoroka chuo ukiwa na miaka minane ukasimame mlangoni mwake kutazama kwato zikichongwa. Ulikuwa ukirudi unanuka, Mama anakuvua kanzu barazani. Hakuna aliyekutuma udaktari huu. Ulijituma mwenyewe, mimi nikauza bangili. Sizitaji kwa kukusimanga. Nazitaja kwa sababu ziliuzwa.

Basi tuseme ya usiku ule.

Punda wa Ami alikuwa amelala ubavu karibu na gati, hataki kuinuka, anageuza shingo kutazama tumbo lake. Ulikuwa umetuambia mchana kwamba punda huficha maumivu, si kama farasi, na ukimwona ameacha kula ujue ameumwa muda mrefu. (Wewe na punda hapo mmefanana, lakini tuyaache.) Wewe na daktari mkampitisha mrija puani kwa sababu punda hawezi kutapika, kinachoingia hakina njia ya kurudi. Daktari akasikiliza tumbo huku na huku, hakuna mlio. Mkatazamana. Nilijua kabla hamjasema.

Sindano alidunga daktari. Wewe mwanafunzi, huruhusiwi. Wewe ulishika kichwa tu, umekipakata mapajani, mkono mmoja umeufunika juu ya jicho lake ili asiione tochi. Ami analia kama mtoto, watu wamejaa, na mimi nikapaza sauti: "Miaka minne ya pesa zetu, umerudi kutufundisha kuua?"

Hukuinua uso. Uliendelea kuufunika ule mkono, hata punda alipokwisha kufa.

Asubuhi daktari akampasua tujue sababu. Ikatoka kamba ya nailoni, ikatoka mifuko ya zamani, ile iliyopigwa marufuku tangu 2017 na bado haijaisha jaani, na katikati, kimezongwa kama kitambaa cha kukamulia nazi, kipande cha kiroba cha unga. Maandishi mekundu. Unga ninaokandia mahamri, na mtaa mzima anayeununua kwa kiroba ni mimi. Ulikiona. Ulikikunja ukakitia ndani ya ndoo chini ya vile vingine, ukanawa mikono, ukanyamaza.

Hapo ndipo sikusamehe.

Bora ungesema. Ungenijibu mbele ya watu wale wale, tungegombana tukamaliza, kama tulivyogombania baiskeli. Badala yake ukajifungia chumbani siku tatu, huli, unanawa mikono mpaka ngozi inachubuka. Mama akakuandikia kombe la aya za Kurani, ukalinywa kwa adabu. Mimi nikasema ni uvivu na usingizi wa Nairobi. Siku ya nne nikaamka kukanda unga, kitanda chako kimetandikwa, umeshavuka Mokowe, bara.

Na kila mtu hutupa pale. Tangu zamani. Ningetupa wapi? Baharini? Siku hizi naviosha viroba namuuzia mwenye mchanga, lakini punda wa Ami alikuwa akizunguka jaani kabla mimi sijaanza biashara, na Ami mwenyewe hakuwa akimlisha vya kutosha. Muulize yeyote.

Nimesoma, nakwambia sasa, kwamba Uingereza na Marekani walichunguza wakaona madaktari wa wanyama hujiua zaidi kuliko watu wengine. Nilisoma saa saba za usiku. Nilikaa jikoni mpaka adhana ya alfajiri nikihesabu zile siku tatu. Ndiyo maana nakuomba: huko Makueni usikubali zamu za kila siku kwa kuona haya. Kula. Lala. Akitokea mnyama wa kudungwa sindano ya mwisho, mwombe mwalimu wako mkae mzungumze baadaye, msiende moja kwa moja kwenye chai. Kama huko chuo kikuu kuna mshauri, nenda. Si aibu, na hatukusemi. Mimi sikusemi. Yule rafiki yako wa chumbani aliniambia mtihani wa upasuaji ulirudia, nami sijamwambia Mama. Sasa nimeandika hapa. Lakini Mama hasomi mambo ya mtandaoni, labda binti wa jirani amsomee, na nitamkataza.

Mabuti yako yako chini ya ngazi. Nimeyapaka mafuta yasipasuke.

Ami amenunua punda mwingine, dume, mwenye hasira. Ana kidonda mgongoni palepale shogi ya mizigo inapokaa, na Ami anampakia mchanga vivyo hivyo, eti kidonda kitakauka chenyewe. Nimemwambia ampumzishe, na kidonda cha mchanga na mavi huleta pepopunda. Akaniuliza nimesomea wapi. Wewe angekusikia.

Kama hutaki kuniambia mimi, mwambie Mama: tuweke nini chini ya shogi?

Dadako