Kabla Hujasaini

Mwanangu Neema,

Salamu kutoka Morogoro. Sote hatujambo, na mama yako anasema shangazi akija Dar wiki hii atakubebea mchele na ile dawa ya kifua. Mkataba ulionitumia niliusoma kwenye simu, kisha nikaenda kuuchapisha, nikausoma tena nikiwa na kalamu mkononi. Nimefurahi, mwanangu. Tangu ulipokuwa kwenye kwaya ya watoto nimekuwa nikingoja siku ambayo mtu asiye ndugu yetu ataona kile nilichokuwa nakiona mimi.

Umeniuliza usaini au usisaini huo mkataba wa miaka mitatu wa kuigiza kwenye tamthilia. Jibu langu litakuwa refu, kwa sababu nataka kwanza nikusimulie habari za Lena Horne, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani. Nyimbo zake unazijua, zile nilizokuwa nazipiga Jumapili baada ya kanisa. Maisha yake sijawahi kukueleza kwa urefu, na nadhani wakati wake ndio huu.

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 30 Juni 1917, katika ukoo wa Wamarekani Weusi waliosoma na waliokuwa na heshima yao mjini. Bibi yake, Cora Calhoun Horne, alikuwa mpiganaji wa haki, na alimwandikisha mjukuu wake katika NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mtoto akiwa na miaka miwili tu. Lakini nyumba haikutulia. Baba yake, Teddy Horne, aliondoka Lena angali mdogo. Mama yake alikuwa mwigizaji wa vikundi vinavyozunguka, na kuna miaka alimchukua binti yake akazunguka naye majimbo ya kusini, akimwacha kwa watu huku na kule. Naamini ule ujasiri wake uliokuja kujulikana baadaye ulianzia kwa bibi, na ule ubaridi ambao watu walimwona nao jukwaani ulianzia katika nyumba hizo za watu.

Mwaka 1933, akiwa na miaka 16, aliingia Cotton Club, ukumbi wa usiku kule Harlem, New York, kama mchezaji wa densi. Ukumbi ulikuwa katikati ya mtaa wa watu weusi, wachezaji na wapiga muziki wote weusi, na wateja walikuwa weupe. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na familia ilihitaji kula. Kutoka hapo akaimba na bendi ya Noble Sissle, akaolewa mwaka 1937, akazaa binti na mvulana, Gail na Teddy, ndoa ikavunjika, na mvulana akabaki kwa baba yake. Kisha akaimba na bendi ya Charlie Barnet, bendi ya weupe, na katika safari zao kuna hoteli zilizowapokea wenzake wote zikamkataa yeye. Mwaka 1941 akapata kazi Café Society, ukumbi wa New York ambao weusi na weupe waliketi pamoja. Hapo akazoeana na Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi aliyejulikana kwa siasa zake za mrengo wa kushoto, aliyewahi kumjua bibi yake. Urafiki huo ulikuja kumgharimu, nitakufikishia.

Mwaka 1942 ndio ninaotaka uusome polepole. Studio ya MGM ya Hollywood ilimtaka. Wakati huo mwigizaji mweusi alikuwa na nafasi chache sana kwenye filamu: mpishi, yaya, mtumishi wa ndani, mtu wa porini. Walter White, kiongozi wa NAACP, alikuwa anawabana wenye studio wabadilike, na Lena akawa sehemu ya msukumo huo. Ila mtu anayenigusa zaidi katika kisa hiki ni baba yake. Yule yule aliyeondoka mtoto akiwa mdogo alisafiri hadi California, akaingia ofisini kwa Louis B. Mayer, bwana mkubwa wa MGM, akamwambia kwamba binti yake akihitaji mtumishi wa ndani, yeye baba anaweza kumwajiria mmoja, kwa hiyo hana haja ya kumwona akiigiza utumishi. Fikiria mwaka wenyewe, na fikiria mtu mweusi anamwambia hayo Mayer uso kwa uso! Mkataba ukasainiwa wa miaka saba, na nafasi za watumishi hakupewa.

Waigizaji wengine weusi wa Hollywood walimkasirikia. Nafasi hizo za watumishi ndizo zilizokuwa zinawalisha, na waliona huyu msichana wa New York atawafungia mlango. Hattie McDaniel, mwanamke mweusi wa kwanza kupata Oscar, na aliipata kwa kuigiza mtumishi, alimwalika nyumbani kwake, akamsikiliza na kumtia moyo. Nakuandikia hili ili usije ukamdharau hata siku moja mtu anayecheza nafasi ndogo ili watoto wake wale.

Sasa tazama walichomfanyia. Filamu baada ya filamu walimvika gauni la thamani, wakamsimamisha karibu na nguzo, akaimba. Wimbo ukiisha, naye ameisha. Hazungumzi na mhusika yeyote, hakuna anayemngoja wala anayemtafuta, na katika baadhi ya filamu hizo hana hata jina, anaitwa kwa jina lake mwenyewe la jukwaani. Ilipangwa makusudi. Majimbo ya kusini yalikuwa na ubaguzi wa kisheria, na wakaguzi wa filamu pamoja na wenye majumba ya sinema kule hawakutaka kuonyesha mwanamke mweusi amesimama kama bibi wa heshima. Kipande chake kilikatwa kwa mkasi, filamu ikaungwa, ikaonyeshwa, na mtazamaji wa mji kama Memphis akarudi nyumbani bila kujua kwamba kuna mtu ametolewa. Hadithi ilikuwa imeandikwa kwa namna ambayo pengo lake lisionekane. Huo, kwangu, ni ukatili mkubwa kuliko kumnyima kazi.

Mwaka 1943 alipata filamu mbili ambazo waigizaji wake wote ni weusi, Cabin in the Sky na Stormy Weather, hii ya pili akiwa ameazimwa na studio nyingine. Humo anazungumza, anapenda, anagombana, anaumia. Ukizitazama utaona walichokuwa wanakitupa. Wimbo wa Stormy Weather ukawa wake mbele ya dunia nzima, ingawa aliyeutangulia kuuimba, pale Cotton Club mwaka 1933, ni Ethel Waters.

Neema, chukua muswada wako wa zile sehemu za mwanzo ukaufungue tena. Wanakupa nafasi ya mwimbaji wa hoteli. Umo karibu kila sehemu, na nilipoona hivyo moyo wangu uliruka. Kisha nikaanza kupiga mstari chini ya kila mahali unapotokea. Unaimba wakati wengine wanazungumza mezani. Sikuona mahali ambapo mtu anakuita. Sikuona mahali unapomjibu mtu. Nikajaribu kuisoma hadithi nikiruka vipande vyako vyote, na ilienda vizuri tu, haikukosa kitu. Hapo ndipo nilipomkumbuka Lena na nguzo yake, na ndiyo maana nakuandikia barua badala ya kukupigia simu.

Sisemi uikatae kazi. Lena hakuikataa. Alipofungwa upande mmoja alisimama imara upande mwingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa kuwaimbia wanajeshi, na katika kambi moja Arkansas akakuta wafungwa wa vita wa Kijerumani wameketishwa mbele, na askari weusi wa Marekani, watu waliovaa sare ya nchi yake, wamewekwa nyuma. Akashuka jukwaani, akatembea hadi walipo askari weusi, akawaimbia wao huku Wajerumani wakiwa nyuma ya mgongo wake. Studio haikupenda mwenendo huo. Aliendelea kwenda kuwaimbia askari weusi kwa pesa zake mwenyewe.

Baadaye ikaja filamu ya muziki ya Show Boat. Humo kuna Julie, mwanamke mwenye asili ya watu weusi anayepita kama mweupe, na Lena alikuwa ameshaimba nafasi hiyo katika kipande kifupi cha filamu ya mwaka 1946. Kila aliyemjua aliona Julie ni wake. Filamu ilipotoka mwaka 1951, Julie alikuwa Ava Gardner, mwanamke mweupe, rafiki yake, aliyejifunza nyimbo hizo kwa kusikiliza sahani za santuri za Lena. Sijui mtu anabebaje jambo kama hilo na bado akabaki na rafiki yake, lakini yeye alibaki naye.

Katika miaka hiyo hiyo aliolewa na Lennie Hayton, mwongozaji wa muziki wa MGM, Mzungu. Walifunga ndoa Paris mwaka 1947, kwa sababu sheria ya California wakati huo ilikataza ndoa ya mweusi na mweupe, na waliificha hadi mwaka 1950. Lena alikuja kusema waziwazi kwamba mwanzoni aliolewa naye kwa sababu Lennie angeweza kumfikisha mahali ambapo mwanamume mweusi asingeweza kumfikisha, kisha akajifunza kumpenda. Wapo wanaomlaumu. Mimi simlaumu, namheshimu kwa kuusema ukweli ambao wengi wangekufa nao.

Mwaka 1950 jina lake likachapishwa katika Red Channels, kijitabu kilichoorodhesha wasanii walioshukiwa kuwa upande wa wakomunisti. Urafiki na Robeson ulitosha. Milango ya filamu na televisheni ikamfungia kwa miaka. Akarudi kwenye kumbi za usiku, na huko akajijenga upya: sahani aliyorekodi mbele ya wateja wa hoteli ya Waldorf-Astoria mwaka 1957 ilinunuliwa sana, na mwaka huo huo akawa nyota wa mchezo wa muziki uitwao Jamaica kule Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho New York, uliodumu hadi 1959. Huko hakusimama kwenye nguzo. Mchezo mzima ulimzunguka yeye.

Mwaka 1960, katika mkahawa mmoja wa Beverly Hills, mwanamume mmoja alimtukana kwa rangi yake, naye akamrushia taa ya mezani na vijibakuli vya majivu ya sigara. Magazeti yaliandika, na watu weusi kutoka kila upande wa nchi wakamtumia salamu za pongezi. Nadhani hapo ndipo alipogundua kwamba ule utulivu aliokuwa amefundishwa auvae haukuwa umemfurahisha mtu yeyote wa kwao. Juni 1963 alikuwa Jackson, Mississippi, jukwaa moja na Medgar Evers, kiongozi wa NAACP wa jimbo hilo, na siku chache baadaye Evers akapigwa risasi nje ya nyumba yake akafa. Agosti mwaka huo Lena alikuwa kwenye yale maandamano makubwa ya kudai haki za watu weusi Washington.

Halafu ikaja misiba. Mwaka 1970 alifiwa na baba yake, yule yule wa ofisini kwa Mayer. Mwaka huo huo akafiwa na mwanawe Teddy kwa ugonjwa wa figo. Mwaka 1971 akafa Lennie. Mwanangu, mimi ni mzazi, hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Lakini mwaka 1981, akiwa na miaka 63, alipanda jukwaa la Broadway na onyesho lake mwenyewe, Lena Horne: The Lady and Her Music. Alilifanya mara 333, hadi tarehe 30 Juni 1982, siku aliyotimiza miaka 65. Alisimulia maisha yake kwa mdomo wake, pamoja na hayo ya MGM. Na Stormy Weather aliuimba mara mbili katika usiku mmoja. Mara ya kwanza aliuimba kwa uzuri ule ule watu waliouzoea. Baadaye, onyesho likiwa limekwenda mbali, akaurudia kwa sauti iliyopasuka, yenye hasira na misiba yote ndani yake, na ukumbi ukasimama. Rekodi ipo, itafute, uisikilize mara zote mbili bila kufanya kitu kingine. Wewe ni mwimbaji, utasikia mambo ambayo mimi siyasikii.

Alifariki New York tarehe 9 Mei 2010, akiwa na miaka 92. Mwaka 2022 ukumbi mmoja wa Broadway ukapewa jina lake, na hakuna mwanamke mweusi aliyetangulia kupewa heshima hiyo kule.

Basi, kuhusu mkataba. Waombe kitu kimoja kabla ya habari ya pesa: mwimbaji huyo wa hoteli apewe jina, na apewe angalau mtu mmoja katika hadithi ambaye wanahusiana, awe dada, mdeni, adui, yeyote. Mwandishi wa tamthilia akikubali, ukiondolewa wewe patabaki tundu. Akikataa, utakuwa umejua unaenda kufanya kazi gani, na bado unaweza kuifanya kwa mwaka mmoja kwa ajili ya kodi ya nyumba, lakini usisaini mitatu.

Pili, kile kipengele cha nne kinachosema wanaweza kutumia sauti yako popote na wakati wowote. Sikipendi. Nimekizungushia duara.

Wakikuharakisha Ijumaa, waambie baba yako anakuja Jumamosi. Nitapanda basi la alfajiri, saa nne nitakuwa stendi ya Magufuli, usije kunipokea, najua njia. Kwenye kikao mzungumzaji ni wewe, kazi ni yako na sauti ni yako, mimi nitakaa pembeni. Ila cha nne niachie nikiulize mwenyewe.

Baba yako