Matembezi ya Jumamosi: Bagamoyo hadi Kaole

Habari za jioni ndugu zangu,

Matembezi yapo palepale, ila tunaanza saa 12:00 asubuhi badala ya saa 1:00, tuwahi maji yakiwa yamekupwa. Mara iliyopita yalitukuta yakijaa, mama zetu wakazama kwenye tope la mikoko hadi magotini. Nilijisikia vibaya sana, sitaki yajirudie.

1. Tukutane ufukweni, soko la samaki Bagamoyo. Kaole ni kama kilomita 5.
2. Mchango Sh 8,000 (madafu, mihogo, gari la kurudi). Mwisho Alhamisi, kwa mweka hazina.
3. Kofia na maji ya kunywa.

Wenye presha au magoti, tutakwenda mwendo wenu. Mapumziko chini ya mbuyu, pale magofuni.

Tafadhali andika NAKUJA kabla ya kesho saa 2 usiku, niagize madafu.