Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama cha wakusanyaji wa midoli ya mashujaa, Moshi

Ndugu wanachama,

Naanza na jambo lililotugawa mwaka huu, maana bado naulizwa kila tunapokutana. Mwezi wa saba mwenzetu mmoja aliazima mdoli wa Spider-Man kutoka sanduku la chama, akaona rangi imebabuka, akampaka upya kwa nia njema kabisa. Alipomrudisha alikuwa anang'aa, mwekundu na bluu. Nikamgeuza. Nyuma ya goti, pale brashi ilipokosa, nikaona weusi.

Alikuwa Spider-Man mweusi wa kampuni ya Mattel, wa mfululizo wao wa midoli wa Secret Wars. Vazi jeusi liliingia kwenye majarida ya katuni ya Marvel mwaka 1984, na Mattel hawakuchonga kalibu mpya, yaani umbo la kumiminia plastiki, kwa ajili yake. Walitumia mwili uleule wa Spider-Man mwekundu, wakabadilisha rangi basi. Ukiwasimamisha wawili hao mezani, vidole ni vilevile, mikao ni ileile. Habari nzima ya vazi lile, ambalo mwaka 1988 lilitupatia Venom, adui wa Spider-Man, imebebwa na rangi peke yake. Sisi tumeipaka juu.

Simlaumu mwenzetu. Uongozi haukuwahi kuandika kanuni, na hilo ni letu. Sasa ipo: mdoli wa chama haupakwi rangi, haubadilishwi mkono wala kichwa, na unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya mtoto na mswaki laini. Kuna waliosema mdoli uliochakaa unatuaibisha mbele ya wageni. Nimewasikiliza, sikubaliani nao. Tunakusanya ili mtu aone shujaa alivyokuwa akichorwa mwaka ule, na mdoli uliochakaa bado unaonyesha. Uliopakwa upya unadanganya.

Habari njema ilitoka Kiboriloni. Mama mmoja muuza mitumba alimwaga balo la vitu vya watoto, na katikati ya magari yasiyo na matairi alikuwepo Batman wa kijivu na bluu, joho lake la kitambaa limepotea. Katibu alimbana miguu kwa vidole viwili, na mkono ukarusha ngumi. Hapo hapo tukajua ni wa kampuni ya Kenner, mfululizo wa midoli wa Super Powers ulioanza 1984. Kifuani bado ana popo ndani ya umbo la yai la njano, lililofutika upande mmoja. Yai hilo Batman alivishwa mwaka 1964. Yule wa kwanza wa 1939 hakuwa nalo. Filamu ya 1989 ililibakiza, ila ikamvisha mweusi mwili mzima. Ukimweka huyu wetu kando ya mdoli wa filamu, mtoto wa darasa la tatu anakueleza mabadiliko bila kufundishwa.

Hapo niwakumbushe wanaoandika kadi za maelezo ya midoli yetu: mwaka uliochapwa mgongoni au mguuni mwa mdoli ni wa haki miliki, si wa kutoka kiwandani. Kalibu moja hutumika miaka mingi. Andikeni mwaka wa mhuri, kisha pembeni andikeni vazi mlivyoliona kwa macho: rangi, nembo, mkanda, viatu. Kadi ya Superman mmoja iliandikwa "wa kawaida" tu. Wa kawaida yupi? Mwaka 2011 alivuliwa ile kaptura nyekundu ya juu, na 2018, lilipofika toleo la 1000 la jarida lake la Action Comics, akarudishiwa. Kaptura peke yake inamtenga wa kipindi hicho na waliomtangulia.

Masika yalitupiga. Paa lilivuja, na midoli iliyofungwa kwenye magazeti ikanyonya wino. Ile plastiki laini ya vichwa na majoho hunyonya hivyo na haitoki. Mingine ilikuwa kwenye mifuko ya nailoni iliyofungwa kabisa, ikaanza kunata kama imepakwa asali. Ni mafuta ya plastiki yanajitokeza, na joto la bati linayaharakisha. Tumehamia chumba chenye dari, tunatumia karatasi nyeupe, na masanduku yameachiwa hewa.

Midoli feki ya madukani tumeitengea sanduku lake. Haitupwi, lakini isichanganywe na mingine.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ada zimeingia vizuri kuliko nilivyotegemea, ahsanteni.

Yule Spider-Man tumemwacha alivyo, na kadi yake inaeleza yote yaliyompata. Kama kuna mwanachama aliyewahi kumpiga picha kabla ya mwezi wa saba, hata kwa simu, hata kwa bahati mbaya nyuma ya mtu mwingine, naomba picha hiyo aje nayo kwenye mkutano. Tutaibandika kwenye kadi.

Mwenyekiti wenu