Machipukizi ya viazi vitamu: tafadhali someni kabla ya kupanda

Habari zenu wanakikundi. Nimeona picha mlizotuma, na wengi wenu machipukizi yameshafika sentimita 20. Hongereni! Sasa yakateni kwa kisu safi, sentimita 2 hivi juu ya kiazi. Msiyang'oe, kwani ugonjwa uliomo kwenye kiazi huweza kuhamia shambani pamoja na kipande cha kiazi kinachong'oka nayo. Kiazi mama kiacheni, kitachipua tena.

Ondoeni majani ya chini, kisha simamisheni shina kwenye glasi ya maji. Mizizi hutokeza baada ya siku chache. (Aliyeuliza kama lazima kusubiri mizizi: si lazima, ila udongo wako usikauke kabisa wiki ya kwanza.)

Kuhusu tuta, hapa naomba msinifanyie uvivu. Liinueni sentimita 25 au 30, udongo uwe tifutifu, maana kwenye udongo mgumu viazi hutoka vyembamba na vimepinda. Fukieni vifundo (sehemu majani yanapotokea) viwili au vitatu vya shina, nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche. Pandeni jioni. Miche ikilala kesho yake msishtuke, mwagilieni tu.

Samadi mbichi hapana! Mwaka jana mimi niliijaza, nikavuna majani ya kulisha mbuzi na viazi vya ukubwa wa kidole.

Jumamosi tumeni picha za matuta, hata kama hamjapanda.