Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu TAMISEMI: kabla ya kuzitupa kompyuta za Windows 10

Ndugu Katibu Mkuu,

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Siku hiyohiyo Office 2016 na Office 2019 nazo zilifika mwisho. Kompyuta hazikuzimika, ndiyo maana jambo hili halikupigiwa kelele. Lakini kila tundu linalogunduliwa sasa kwenye mfumo huo linabaki wazi, na mashine za shule na halmashauri zinaendelea kuchomekwa flashi za kila mtu.

Sisi mafundi tunaohudumia mashine hizo tunaomba maelekezo ya ofisi yako, kwa sababu bila maelekezo kila mkuu wa shule atafanya lake.

Kwanza ijulikane ni mashine zipi zinaweza kupokea Windows 11. Soma namba ya prosesa. Kwa Intel Core yenye tarakimu nne zisizoanza na 1, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-4590 ni cha nne, i5-6500 ni cha sita, i5-8500 ni cha nane. Windows 11 kwa ujumla inaanzia kizazi cha nane, na inataka pia ramu ya GB 4, diski ya GB 64 na chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0. Ili kuiona TPM, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika tpm.msc. Kwa kipimo hicho Dell OptiPlex 3020 na 7040 hazimo, wala HP EliteBook 840 G3 na G4. EliteBook 840 G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane imo.

Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 kwa Rufus, programu ya kuandaa flashi za kusakinishia mfumo, ikawaka na kupendeza. Tunaomba hilo likatazwe kwenye vifaa vya umma. Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo, na toleo la 24H2 la Windows 11 tayari liligoma kabisa kuwaka kwenye prosesa za zamani zisizo na seti ya amri iitwayo SSE4.2. Baya zaidi ni Windows iliyochakachuliwa. Programu ya kuifungua leseni mara nyingi huanza kwa kukutaka uzime kinga ya virusi, na ukishaizima hujui tena kilichoingia.

Kulipia muda wa nyongeza wa masasisho ya usalama ya Windows 10 kunawezekana. Kwa ofisi bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, 122 wa pili na 244 wa tatu. Jumla ni dola 427 kwa kompyuta ambayo mwisho wake itaondolewa tu. Hatushauri. Kwa taasisi za elimu hesabu ni nyingine: dola 1, kisha 2, kisha 4. Shule yenye leseni halali ya elimu na Windows 10 toleo la 22H2 itumie nafasi hiyo bila kusita, maana inaivusha hadi Oktoba 2028. Shule yenye Windows ya kuchakachua haina mlango huo.

Kwa maabara za shule zilizobaki, pendekezo letu ni Linux Mint, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, yenye Xfce, mwonekano wake mwepesi. Toleo la 22 lina masasisho hadi Aprili 2029, halina ada ya leseni, na linaridhika na ramu ya GB 4 na diski ya GB 20. Hata hivyo tusiitetee kwa sababu ni bure. Fedha inayookolewa kwenye leseni itahitajika kwenye diski za kasi za SSD, mafunzo ya walimu na nauli ya fundi, na halmashauri isiyotenga fedha hiyo isianze.

Utaratibu ndio unaoamua kama zoezi litafaulu. Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza na programu za ofisi za OpenOffice mwaka 2005, wakafuata kivinjari cha Firefox na programu ya barua pepe ya Thunderbird mwaka 2006, yote juu ya Windows ileile. Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, ilikuja kuanzia 2008, watumishi wakiwa wameshazoea programu. Jiji la Munich liliamua kuhamia Linux mwaka 2003, hadi 2013 lilikuwa limehamisha kompyuta takriban 15,000, na mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Siasa ilikuwamo, lakini pia violezo vya nyaraka, makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) na programu maalumu za idara vilikula miaka. Kwa hiyo wekeni LibreOffice, inayofanya kazi za Office, na Firefox kwenye Windows iliyopo kwa muhula mzima kwanza. Yatakayoharibika yataonekana mapema: makro za Excel zinazogoma, vyeti vilivyotengenezwa kwa Publisher, kurasa zinazoruka mstari. Mkifika Linux kurasa huzidi kuruka kwa kukosa fonti za Calibri na Cambria. Dawa yake ni fonti za Carlito na Caladea, zenye vipimo vilevile vya herufi. LibreOffice nayo ipangwe ihifadhi kwa .docx tangu siku ya kwanza.

Kisha mfumo ujaribiwe bila kugusa diski. Flashi ya GB 8 inatosha. Andika faili la Mint kwa Rufus baada ya kulinganisha alama yake ya SHA256, inayothibitisha kuwa faili halijaharibika, washa mashine ukibonyeza F12 kwa Dell au F9 kwa HP, kisha jaribu sauti, Wi-Fi, projekta na printa.

Printa ndiyo hukwamisha. HP LaserJet 1020 inatambuliwa na Linux mara moja, halafu inakaa kimya. Printa hiyo haihifadhi ndani yake programu inayoiendesha, hivyo kompyuta lazima iipelekee kila inapowashwa. Faili la programu hiyo halimo kwenye HPLIP ya kawaida, yaani programu za printa za HP kwenye Linux. Hupakuliwa peke yake kwa amri ya hp-plugin, na toleo lake lazima lilingane na la HPLIP. Fundi akienda shule isiyo na mtandao bila kulibeba, ataacha sifa kwamba Linux haichapishi. Canon LBP2900, yenye dreva (programu ya kuiendesha) ya zamani ya CAPT inayosumbua kwenye Linux, ibaki kwenye mashine ya Windows.

Betri ya CR2032 kwenye bodi ibadilishwe kabla ya yote. Ikifa, saa inarudi nyuma miaka, tovuti zinakataa kufunguka kwa madai ya usalama na masasisho yanagoma. Lawama huangukia mfumo mpya.

Kuhusu bando, mashine moja ya maabara iwekewe apt-cacher-ng, programu inayohifadhi masasisho yaliyokwisha kupakuliwa, na nyingine zielekezwe kwake kwenye mlango (port) wa 3142. Kila kifurushi kitapakuliwa mara moja kwa maabara nzima.

Zipo mashine zisizopaswa kuhamishiwa Linux. Mhandisi anayetumia AutoCAD, afisa ardhi mwenye programu ya ramani ya ArcGIS Pro, mhasibu mwenye Tally: hao wapewe Windows 11 halali kwenye mashine za kizazi cha nane kwenda juu. Mifumo kama NeST, wa manunuzi ya serikali, hufunguliwa kwa kivinjari, hiyo si kikwazo. Wanafunzi wasioona waliozoea NVDA, programu ya Windows inayowasomea skrini kwa sauti, pia waachwe kwenye Windows. Tunalisisitiza hili, kwa sababu kumnyang'anya mtoto kisomaji skrini anachokijua katikati ya masomo ni kumfungia darasa.

Tunaomba waraka wa ofisi yako uagize mambo matatu. Kila shule iorodheshe prosesa, ramu, hali ya leseni na aina ya printa kwa kila mashine. Zabuni za kompyuta zitenganishe bei ya mashine, ya mfumo na ya programu za ofisi, ili linganisho liwezekane, na mashine inayotolewa iwe imejaribiwa kwa Linux pia. Na kompyuta yoyote ya Windows 10 isiondolewe kwenye daftari la mali kabla fundi hajaiwasha kwa flashi ya majaribio na kuandika matokeo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi wa kompyuta wa shule na halmashauri